Siku Dada Aliposema Maneno Yangu

Nilimaliza darasa la saba na ndoto ya kuwa nesi, nikaishia kuwa mgonjwa. Chuo kimoja pale Nachingwea kilitafuta watu wa kuigiza ugonjwa mbele ya wanafunzi wa utabibu, nami nikakubali mbio mbio. Nilifungwa mto tumboni kama mjamzito, nikafundishwa kusema: kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, miguu imevimba. Nijibu ninachoulizwa tu.

Wanafunzi walikaa makundi makundi wakibishana, kisha makundi yote yakainua karatasi za majibu kwa pamoja. Siku moja kundi moja halikuniuliza habari za macho. Karatasi yao ikasema malaria.

"Basi huyu mama ameshafariki kwa kifafa cha mimba," mwalimu akasema. "Na mtoto wake."

Darasa likacheka, maana nilikuwa nimekaa palepale, mzima. Na mimi nikacheka. Lakini nilijikuta nimeukumbatia ule mto.

Likizo nikaenda Narung'ombe kwa dada yangu, mimba yake ina miezi minane. Kila jioni tulifanya mazoezi, yeye daktari, mimi mgonjwa.

"Haya mama, unaumwa wapi? Sema upesi, foleni ndefu!"

Alinichekesha mpaka mbavu zikaniuma. Maneno yangu akayashika yote.

Asubuhi moja tukipepeta ufuta, akaweka ungo chini. "Mdogo wangu, kichwa kinanigonga. Naona ukungu."

"We dada, usinichukulie kazi yangu! Na miguu imevimba, siyo?"

"Imevimba."

Nikacheka, nikaendelea kupepeta. Yeye akafikicha macho. Adhuhuri nikamwona anapapasa chini akitafuta ungo, na ungo uko mbele yake.

Nikapiga magoti, nikaubonyeza mguu wake kwa kidole, kama wanafunzi walivyonifanyia. Kwangu nyama ilikuwa inarudi. Kwake shimo likabaki.

"Shemeji, tafuta gari!" nikamwita mumewe.

Gari lilipatikana alasiri. Tukiwa nyuma ya pikapu kuelekea Ruangwa, dada akakakamaa, meno yakabana, povu likamtoka. Shemeji alimshika miguu, mimi kichwa. Hospitalini walimpeleka moja kwa moja kufanyiwa upasuaji.

Alizinduka kesho yake mchana. Shemeji alikuwa hajarudi kutoka kumzika mtoto. Dada akashika tumbo lake, akanitazama.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," nikasema.

Akatabasamu. "Niletee nimwone."

Nikasimama pale, mkono wake mkononi mwangu.