Bakuli Lenye Jina la Twyla

Wifi yangu Twyla akiwa na jambo zito kichwani, huoka. Mwaka ule wa kutafuta kitabu cha sayansi cha binti yake Maribeth tulikula mikate ya ndizi mpaka mbwa wao akaanza kuisusa.

Twyla ni dada wa mume wangu. Ni mrefu, ana madoadoa ya jua puani, na sauti yake ni ya kuitia ng'ombe hata anapoomba chumvi. Anamsomesha mwanawe nyumbani, hapo hapo kwenye meza ya jikoni, kama nusu ya akina mama wa kanisa letu huku kwenye vilima vya Missouri. Mimi wakati ule nilikuwa na mtoto mchanga tu, lakini kila asubuhi nilijitafutia kisingizio. Leo narudisha sufuria, kesho naomba mayai, ili mradi nikae pembeni, mtoto ananyonya, nitazame anavyofundisha. Kwetu nilikozaliwa, kwa Wamenno, wale Wakristo wa kofia nyeupe na maisha ya kale, msichana huishia darasa la nane, na sayansi yetu ilikuwa ng'ombe na bustani. Nilijua zamu yangu inakuja, na kujifunza kwangu kulikuwa kwa kuchungulia.

Maribeth wakati ule alikuwa na miaka tisa, na alizaliwa na maswali. Mjusi akikatika mkia mbona halii? Kupe anajuaje kwamba mtu anapita? Siku moja aliniuliza kama maziwa yangu yana ladha ya nilichokula, na nilipomwambia sijui, akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyekaa na friji miaka yote bila kuifungua.

Kisha akapewa kile kitabu cha darasa la tatu, ambacho kila mtu kanisani alikitumia. Sikisemi vibaya. Kilikuwa na aya za Biblia, picha safi, mtihani kila Ijumaa. Lakini kazi yake yote ilikuwa kujaza nafasi. *Mungu aliumba ndege. Ndege ana mbawa ____.* Maribeth anaandika mbili, anapata alama zote, anafunga kitabu. Kufikia majira ya kuchipua lilikuwa limebaki swali moja tu kinywani mwake.

"Mama, nimemaliza?"

Twyla aliliona hilo, na mimi nililiona. Wade, mumewe, anayeendesha lori la maziwa, aliliona pia, ila kwa upande wake.

"Sikia, mke wangu," alisema siku moja akiwa anavua viatu mlangoni. "Mimi sina ugomvi na kusomesha nyumbani. Lakini mtoto amepoa. Kama sayansi imetushinda, basi la shule linapita hapo getini. Agosti apande."

"Nipe mpaka mwisho wa Juni," Twyla akamwambia.

"Halafu?"

"Halafu Jumapili ya mwisho, baada ya chakula cha kanisa, tukae wewe, mimi na Mama, tuamue. Nikishindwa, nitamfunga viatu mwenyewe apande basi."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, jambo ambalo kwa Twyla ni sawa na mtu mwingine kulia. Usiku ule nadhani alioka, maana asubuhi kulikuwa na mikate mitatu.

Mwezi Mei huwa kuna siku ya kuuziana vitabu vilivyotumika, pale kwenye ukumbi wa kanisa. Akina mama hupanga meza, na ukiwatazama wakinunua vitabu vya sayansi utacheka. Hakuna anayeanza ukurasa wa kwanza. Wote hukimbilia dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale, wasome waone kitabu kinasema dunia ina miaka mingapi, elfu sita ya Biblia au mamilioni, ndipo warudi kwenye jalada waangalie ni cha darasa gani.

Mama Opal, mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kusimamia. Amefundisha shule ya Jumapili tangu kabla Twyla hajazaliwa, na wanaume wazima wenye ndevu bado humwamkia wakiwa wamevua kofia.

"Hiki je?" Twyla akamwonyesha kitabu kikubwa, chote cha ndege. Ndege tu, mwaka mzima.

Mama Opal akakifungua, akatafuta. "Hakina dinosaria."

"Ni cha ndege, Mama."

"Kinaanza na nani?"

"Kinaanza na Mungu. Soma hapo. Siku ya tano, ndege warukao. Halafu kinamwambia mtoto atoke nje akae chini ya mti, atazame, achore alichokiona."

"Halafu ajaze wapi?"

"Hajazi popote."

Mama Opal akakifunga polepole. "Binti yangu, mtoto akikaa chini ya mti huku Juni, atakachokiona ni kupe. Nunua kile cha darasa la nne, chenye mtihani. Utajua amejua nini."

Twyla akakinunua cha ndege. Kilikuja na sanduku la vifaa, na ndani ya sanduku, pamoja na kioo cha kukuzia na vibanio, kulikuwa na vifurushi vya foili, ile karatasi ya kung'aa ya jikoni, kila kimoja sawa na kiazi kidogo. Ni matapishi ya bundi. Msinikunjie uso. Bundi humeza panya mzima, nyama inayeyuka tumboni, na manyoya na mifupa anaitema ikiwa imeviringwa kama donge la sufi. Mtoto hulifungua donge taratibu, akaipanga mifupa mpaka panya akamilike. Somo hilo lilikuwa mbele kitabuni, mwishoni mwa Juni.

Karatasi ya maelezo iliandikwa: weka mahali pakavu penye ubaridi. Mwezi Juni huku Missouri, penye ubaridi ni mahali pamoja tu. Twyla akavipanga vile vifurushi kwenye bakuli lake la kioo la kuokea, akalifunika, akalitia ndani ya friji, rafu ya chini. Na ubavuni mwa bakuli, kama mabakuli yote ya wanawake wa kanisani kwetu, kulikuwa na kipande cha utepe wa gundi kilichoandikwa kwa kalamu nzito: TWYLA. Bila utepe huo, bakuli lako likienda kwenye chakula cha pamoja, ambapo kila mtu huleta chake, hulioni tena mpaka Kristo arudi.

Wiki zile za Juni nilikuwa nikienda na mtoto mgongoni kuwatazama. Maribeth alikaa chini ya mti kama alivyoambiwa. Alichora. Michoro yake ilikuwa mizuri, lakini kimya. Twyla alisimama dirishani akimwangalia, mikono imejaa unga.

"Wifi, anauliza chochote akiwa na wewe?"

"Bado," nikasema. Singeweza kumdanganya.

Ikafika Jumapili yenyewe. Tukiwa tayari kanisani, Twyla akashika kichwa: maharage yake ya kuoka ameyasahau nyumbani.

"Kaa," Mama Opal akamwambia. "Wewe uko kwaya. Mimi nitayafuata. Yako wapi?"

"Kwenye friji, Mama. Lenye jina langu."

Basi Mama Opal akaenda, akafungua friji, akatoa bakuli la kwanza aliloliona lenye jina la Twyla. Akafunua kidogo, akaona foili, na kwa kuwa huku viazi huokwa vimefungwa foili, akasema moyoni, kumbe ameamua viazi. Kwa wema wake, akavitia hata kwenye tanuri la kanisa vipate joto.

Tulikuwa tumeshaomba na watu wamepanga foleni. Mimi nilikuwa nalisha mtoto pale pembeni, kwa hiyo niliona yote. Shemasi Harlan, mzee mwenye meno ya bandia, akajichukulia kuku, akajichukulia maharage mabichi, akachukua kifurushi cha foili. Akaketi, akakifungua bila kukitazama, akakitia siagi, chumvi, na kijiko cha maziwa mgando. Halafu akakipasua kwa uma.

"Dada Twyla," aliita, kwa adabu kabisa. "Hiki kiazi chako kina nywele."

"Viazi? Mimi nimeleta maharage."

"Na kina meno," akasema shemasi, akikisogeza mbali.

Twyla alifika mezani akatazama. Sijawahi kuona madoadoa ya mtu yakipotea usoni, lakini siku ile yalipotea. Na kabla hajafungua mdomo, Maribeth akawa ameshapita chini ya mikono ya watu.

"Ni matapishi ya bundi!" akapaza sauti ya mama yake ile ile. "Babu Harlan, usile! Ni yangu!"

Mtu mmoja akaweka sahani chini. Mama Opal, aliyekuwa anamimina chai, aliendelea kumimina hadi kikombe kikafurika.

"Matapishi," alirudia.

"Yameshatiwa joto kiwandani, Mama," Twyla akasema haraka. "Hayana vijidudu. Ni sayansi."

"Nimeyapasha moto," Mama Opal akasema. "Nimeyapasha moto kwa mikono yangu mwenyewe, kwenye tanuri la nyumba ya Bwana."

Wade alikuwa amesimama ukutani na sahani. Nilimtazama, nikaona amekaza midomo, nikasema moyoni, basi, leo mtoto amepanda basi. Twyla naye alikuwa anamtazama huyo huyo.

Lakini Maribeth hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa amechukua kijiti cha kuchokolea meno kutoka mfuko wa shati la shemasi, anatenganisha manyoya na siagi. Akatoa fuvu dogo kama punje ya haragwe, lenye meno mawili ya rangi ya chungwa. Akalishika mwangani.

"Bibi," akasema.

Mama Opal akafuta chai iliyomwagika.

"Bibi, kwa nini nyama imeyeyuka na mfupa haukuyeyuka?"

Nikasikia Twyla akivuta pumzi.

"Mungu alimpangia bundi hivyo, mpenzi," Mama Opal akasema.

"Najua, Bibi. Lakini alimwekea nini tumboni? Maana mbwa wa Baba anakula mfupa na hautemi. Mbwa ana nini ambacho bundi hana? Na manyoya je? Bundi anajuaje sasa ni wakati wa kutema? Anaumwa?"

Kila swali lilivuta lingine. Watoto walikuwa wameshajaa pale mezani, shemasi ameinama karibu kuliko wote, miwani imeshuka puani. Mama Opal akaweka birika. Miaka yake yote ya shule ya Jumapili ilikuwa machoni pake, anatafuta jibu, na nikaona mahali alipofika mwisho.

"Hilo," alisema, "sijawahi kumuuliza Mungu."

"Baba?" Maribeth akageuka.

Wade alitafuna kitu ambacho nadhani kilikuwa kimeshakwisha mdomoni. "Mimi naendesha lori, mwanangu. Kitabu chako kinasemaje?"

"Sijafika huko."

"Basi ukifika uniambie. Kila siku nampita bundi mmoja pale kwenye banda la jirani zetu akina Pruett, sikujua kama anafanya mambo hayo." Kisha akamgeukia Twyla, akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. "Ile ya kukaa tuamue. Kuna haja?"

"Na mtihani je?" Twyla akasema. Midomo ilikuwa inamcheza kwa kicheko alichokizuia.

"Si nimeuona? Kwanza mimi ndiye niliyefeli." Akaangalia sahani ya shemasi. "Ila tafadhali, mke wangu, nunua friji nyingine."

Mama Opal alirudi nyumbani pamoja nasi. Tulipofika, alishuka garini, akajifuta mikono kwa leso kama mara ya kumi, akasema, "Yule panya. Mliuona mguu wa nyuma wa kushoto?"

"Hapana, Mama," Twyla akajibu.

"Nami sikuuona. Upo kwenye siagi ya Harlan." Akaingia ndani.

Kitabu kile kilikwenda mwaka mzima. Yako mambo ambayo hakikufundisha, na Twyla alilazimika kuazima kingine kwa ajili ya mimea na mwili wa mtu, na mitihani ya Ijumaa akaitunga mwenyewe kwa sababu Mama Opal hakuacha kuiulizia. Mimi nilikisoma kwa zamu, mtoto akilala. Sikujua kwamba mifupa ya ndege ina hewa ndani.

Asubuhi ya kwanza ya shule, mwezi Agosti, nilikuwa pale jikoni narudisha sufuria. Basi likapunguza mwendo getini, likaona hakuna mtu, likapita. Maribeth hakuinua kichwa. Alikuwa anabishana na mama yake kuhusu kasuku. Kisha mlango ukafunguliwa bila hodi, Mama Opal akaingia amevaa glavu zake za bustani, amebeba bakuli dogo. Akaliweka mezani mbele ya mtoto. Ndani yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa foili, na juu ya foili kipande cha utepe kilichoandikwa kwa herufi kubwa: OPAL. SI CHAKULA.

"Nimekiokota chini ya banda la akina Pruett," akasema, akivuta kiti. "Haya, leta vibanio."