Kamba Sebuleni kwa Justine

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya hasira. Chuo kilikuwa kimeniruka tena katika kupandisha vyeo, na mimi, mzee wa miaka hamsini na miwili mwenye shahada tatu, nilikuwa nafokea hata birika la chai. Mke wangu aliposikia kwamba Kolwezi yuko mama wa Kihindi anayefundisha vitabu vya mwanzo vya Vedanta, elimu ya kale ya kwao inayomwandaa mtu kuitambua nafsi yake, alinifungia mzigo kabla sijakubali.

Baada ya Likasi, basi lilinaswa nyuma ya malori ya madini. Vumbi lilituingia hadi masikioni. Nilijaribu kutulia, kama zoezi la kwanza. Kabla ya Fungurume dereva alikwisha kunitaka nishuke nitembee, maadamu njia naijua kuliko yeye.

Kolwezi nilifika alasiri, nikafikia Kasulo, katika nyumba aliyotuachia baba. Anaishi humo dada yangu Justine na watoto wake, na chumba cha nyuma ni cha mdogo wetu Ilunga. Mtaa mzima umetobolewa. Watu huchimba kobalti chini ya vitanda vyao. Kwetu bado. Katika ukoo wetu ardhi ya nyumba ya baba haifunguliwi bila neno la mzaliwa wa kwanza, ambaye ni mimi.

"Yaya, Ilunga anataka kutoboa apa mu nyumba," Justine aliniambia akisonga bukari, ugali wa kwetu, akiniita yaya kama kaka mkubwa anavyoitwa huko. "Umuambie apana. Mi na batoto tutalala wapi?"

"Nitamwambia," nilijibu.

Jumamosi asubuhi nilianza masomo. Mama Sudha alitufundisha nyuma ya duka la vyuma la mumewe, kati ya makopo ya rangi, kwa Kiswahili cha Kolwezi kabisa, ambamo ndiyo ni njo.

"Mu giza unaona nyoka, unakimbia," alisema. "Unaleta taa: kumbe njo kamba! Woga yako yote ilikuwa juu ya kamba."

Mwanafunzi, alisema, kwanza ajifunze kutenga kinachodumu na kinachopita, na atulize moyo. Niliandika yote, kwa wino wa rangi mbili.

Jumapili baada ya misa Ilunga aliniketisha sebuleni. Pembeni palikuwa na kamba mpya, nene, ya kushukia shimoni, imeviringishwa.

"Yaya, tunangoja neno yako."

Justine alisimama mlangoni, mikono ina unga. Niliitazama kamba, nikafumba macho. Mimi si mwili, nilijiambia. Mimi si nyumba hii. Mimi ni shahidi tu. Nikavuta pumzi kwa utulivu uliopendeza. Kusema kweli, niliogopa ugomvi.

"Yaya, sema kitu," Justine aliniomba.

Sikusema. Nilipofumbua macho, Ilunga alikuwa anacheka. "Hakukataa! Amekubali."

Kwetu mkubwa asiyekataa mbele ya watu amekubali. Desturi hiyo naijua vizuri, niliiandikia tasnifu.

Wiki mbili nilisoma kuhusu amani huku patasi zikigonga chini ya kiti changu. Jumamosi ya tatu ukuta ulipasuka kuanzia dirishani hadi chini, na sakafu ya chumba cha watoto ikazama. Hawakuwamo. Nilimkuta Justine akitoa magodoro, nikamwambia kwamba nyumba ni kitu kinachopita.

"Ile masomo yako, yaya," aliuliza bila kusimama, "iko na nafasi ya kulaza batoto?"

Nilimpelekea Mama Sudha habari, nikitegemea kufarijiwa. Aliweka kitabu chini, akaniita tata, yaani mzee.

"Tata, utulivu njo ya mutu mwenye alimaliza kazi yake. Weye ulikimbia tu. Ulifunga macho ju usione miguu yako."

Jumatatu nilipanda basi la kurudi. Justine hakuja kuniaga. Alikuwa anatafuta chumba.

Nyumbani siku hizi sifokei birika, na mke wangu anawasifu Wahindi mbele ya majirani. Daftari langu limejaa. Lakini siku ile sebuleni mwanga ulitosha, nami niliona kamba, kamba tupu, bila kukosea. Justine, ambaye hakusoma, aliona nyoka. Yeye ndiye aliyeona sawa.