Akiba Huoza, Asema Bi Kigae

Akiba huoza. Waliosema haiozi hawakuwahi kutunza tumbaku ya kiko.

Saa mbili asubuhi, mlango wa mbele wa duka ukiwa bado umefungwa, mwanamke wa makamo amesimama katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Anafungua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, anachota tumbaku kwa vidole viwili, anaibana, anaiachia. Inafunuka taratibu, kama mtu anayejinyoosha kitandani.

"Ukiibana ikabaki donge, imelowa. Ikikatika kama majani makavu, imekufa," anasema. "Hii bado inapumua."

Wateja wanamwita Bi Kigae. Jina hilo limetokana na vipande vya chungu anavyoloweka kwenye maji yaliyochemshwa, akavifuta, akavifunga kitambaa na kuvilaza juu ya tumbaku iliyokauka. Kigae hutoa unyevu kidogo kidogo. Tumbaku ikirudi laini, anakiondoa.

"Wengine wanamwagia maji. Huko si kutunza, ni kufua nguo."

Kazi hii alifundishwa na marehemu mumewe. Duka sasa ni la shemeji yake, lakini ufunguo wa chumba cha nyuma umebaki kiunoni mwake. Yeye mwenyewe havuti. "Mume wangu alivuta kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi niliachiwa kunusa."

Wateja huacha chupa zao hapa kwa sababu nyumbani jua huzifuata mpaka kabatini. Mmoja aliwahi kuihifadhi yake kwenye friji, ubavuni mwa samaki. "Akaja kunilalamikia kwamba kiko chake kinanuka mchuzi. Nikamwambia basi tafuta wali."

Wiki hii, hata hivyo, hakuna anayecheka sana. Ufunguo ule uko mashakani.

Chanzo ni seremala mzee ambaye mtaa mzima unamwita Pacha, ingawa pacha mwenzake amekwisha kufariki. Chupa yake ilikuwa na tumbaku ya mwisho iliyochanganywa na ndugu huyo kwa mkono wake. Pacha alikuwa akija, anachota kidogo, anavuta kibarazani peke yake.

Siku moja Pacha alikuja Bi Kigae akiwa ametoka mara moja, chumba kikiwa wazi, akaikuta imekauka. Akatumbukiza ganda la kiazi liirudishie unyevu, kama marehemu ndugu yake alivyozoea, akafunga kifuniko.

Bi Kigae alipokuja kuifungua, harufu ilimtangulia. Nywele nyeupe za ukungu zilikuwa zimetambaa kutoka kwenye ganda mpaka chini kabisa ya chupa. Hakumwita mtu. Aliifukia tumbaku yote nyuma ya duka, akachemsha chupa.

Kwa nini hakumuuliza mwenyewe kwanza?

"Angesema niachie. Angechambua vyeupe, akavuta vilivyobaki. Kifua chake kinalia kama bawaba, nimpe ukungu auvute? Na hizi chupa za wenzake je?"

Pacha ana hesabu nyingine. "Amemzika ndugu yangu mara ya pili," anasema, "na safari hii hakuniita mazikoni."

Tangu hapo amekuwa akiwasimulia mafundi wenzake, na wawili kati yao wamekuja kuchukua chupa zao. Shemeji mtu amechoka. "Aombe radhi, yaishe," anasema huku akipangusa kaunta. "Neno halimtoi mtu damu. Asipotaka, ufunguo nampa mwingine."

Bi Kigae amejiandaa. Nyumbani, binti yake ameshatoa vyombo vya wageni kwenye kabati la sebuleni. Ikibidi, chupa zitahamia humo. "Wageni watakula kwenye sahani za jikoni. Hawajawahi kuleta zawadi hao."

Mlango wa mbele unafunguliwa. Pacha ndiye wa kwanza kuingia, kofia mkononi. Hamwangalii shemeji mtu. Anakwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

"Dada, sikuja kugombana. Nipe neno moja tu."

"Pole, kaka. Pole sana. Najua ilikuwa ya nani."

"Pole nilipewa msibani mpaka nikashiba. Nataka samahani."

"Shemeji," mwenye duka anaita kutoka kaunta, sauti ikibembeleza, "si useme tu."

Bi Kigae anamalizia kufuta kigae alichoshika, anakilaza mahali pake, anafunga chupa. Anafungua fundo la kanga, anatoa ufunguo, anakuja kuuweka juu ya kaunta, katikati ya wanaume wawili.

"Ikirudi leo vile vile, nitaifukia leo vile vile," anasema. "Pole chukua hata gunia, kaka. Samahani sikupi."