Swali la Saba la Akiru

Jumatatu asubuhi Akiru alisimama mbele ya duka langu akiwa amevaa viatu visivyofanana, kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Nikamuuliza kama siku hizi anauza viatu kimoja kimoja. Alitazama miguu yake, wala hakucheka.

"Nilivaa kwa giza, Mama Morgan. Nichapie tu haraka."

Hapo nikajua wiki imemshinda kabla haijaanza.

Jina langu ni Wanjugu, ila hapa Lodwar hakuna anayeniita hivyo. Tulitoka Othaya mume wangu alipoletwa huku na kazi ya serikali, na tangu hapo nina duka la kuchapa na fotokopi, ng'ambo ya lango la chuo cha biashara. Miaka kumi na mitatu ya joto hili. Wanafunzi nawajua. Kuna mmoja nimemchapia barua tatu za kuomba ruhusa ya kumzika nyanya yake, na nyanya ni yule yule.

Akiru hakuwa wa namna hiyo. Ndiyo sababu nilimpenda, na ndiyo sababu pia alikuwa akinikasirisha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kakuma, mwaka wa mwisho. Saa kumi na moja alfajiri alianza kufua mashuka ya gesti moja karibu na mto. Saa mbili alikuwa darasani. Mchana ni kazi za kikundi, ambazo kikundi kilimwachia yeye kwa kuwa hakujua kukataa, na jioni ni kusoma huku kichwa kikigonga meza. Mwaka uliopita malaria ilimlaza wiki nzima, akachelewesha utafiti wake wa mwisho, akaanguka. Sheria ya chuo ni nafasi mbili, basi. Hii ilikuwa ya pili. Utafiti ulitakiwa uwe juu ya meza ya Mwalimu Cornelius Ijumaa saa kumi jioni, na uwe wa kupita, la sivyo angerudi kwa mama yake mikono mitupu baada ya miaka mitatu.

Alikuwa anatafiti biashara ya wanawake wanaouza mbuzi soko la mifugo la Kakuma. Wanawake arobaini, maswali kumi kila mmoja. Nilimchapia asubuhi hiyo, akaenda kuidhinishiwa, na saa saba alirudi na karatasi ile ile ikiwa na wino mwekundu. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba kila muuzaji aulizwe idadi ya mifugo wake. Bila idadi, hakuna uchambuzi.

"Si tuweke tu," nikasema, na nikapiga chapa: Swali la saba. Una mifugo wangapi nyumbani?

Akiru alilisoma. "Hiyo swali ni mbaya."

"Ubaya gani?"

"Kwetu mtu haulizwi hiyo. Ukihesabu mbuzi ya mtu na mdomo, ni kama unaitia kitu ya kuimaliza."

"Basi rudi umwambie mwalimu."

"Nitamwambia aje? Ataona natafuta sababu. Mwaka jana nilikuwa na sababu."

Wateja walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani na feni yangu ilikuwa imekufa tangu Jumamosi. Nikamtolea nakala arobaini, akaenda zake.

Jumanne alifanya mtihani wa uhasibu, akasinzia mara mbili ndani ya chumba. Alipotoka alikimbilia kuandaa kazi ya kikundi, ambayo Nangiro, kijana mmoja mwenye ulimi wa asali na daftari jeupe mwaka mzima, ndiye aliyesimama kuiwasilisha. Walipigiwa makofi. Akiru aliniambia hakuyasikia, alikuwa nyuma akichaji simu.

Jumatano alfajiri aliondoka kwenda Kakuma. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe siku mbili baadaye, akiongea amefumba macho, mkono bado unapiga chapa.

Alianza vizuri. Aliketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji kando ya boma la mbuzi, akauliza, wanawake wakajibu, na kila alipofika swali la saba aliliruka. Alifanya hivyo kwa watano. Alipofika kwa wa sita jua lilikuwa utosini, hajala tangu jana yake, na mdomo ulikuwa unajisomea wenyewe kutoka kwenye karatasi. Wa sita alikuwa ajuza mwenye shanga hadi kidevuni. Akiru akamuuliza la tano, akamuuliza la sita, na bila kujua akamuuliza na la saba, kwa Kiturkana safi, kwa sauti ya kusikika.

Yule ajuza hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alimtazama mdomo, akafungua kamba ya mbuzi wake, akaondoka. Waliokaa karibu wakaondoka naye. Kufikia saa nane soko zima lilikuwa limejua kwamba kuna msichana kutoka Lodwar anayehesabu, na kila alikosogea wanawake walimpa migongo. Kwa mgeni wangesema hajui. Lakini huyu alikuwa mtoto wao.

Na mama yake alikuwepo. Alikuwa ameleta mbuzi mmoja siku hiyo, akaona yote. Alimjia mwanawe pale pale kwenye mtungi.

"Watu wa msaada walikuja na karatasi ukiwa na miaka minane," akamwambia. "Baba yako akawatajia mbuzi wake wote. Unakumbuka kilichofuata."

Akiru alikumbuka. Mvua ilikosa misimu miwili, na boma likabaki miiba mitupu.

"Umesahau wewe ni wa nani?"

"Sijasahau, mama. Nimechoka."

Mama alimvuta mbuzi wake akaelekea nyumbani bila kumwita. Akiru alilala kwa Sylviane, Mkongomani mwenye hoteli ndogo upande wa kambi ya wakimbizi, ambaye zamani aliwahi kumpa kazi ya kuosha vyombo. Sylviane alimwekea maharage, akamnyang'anya mfuko wa karatasi.

"Weye kula kwanza, dada. Ile makaratasi haina miguu, haitakimbia."

Alhamisi alirudi sokoni bila karatasi wala kalamu. Alimkuta mama yake akimngoja, mkononi ana tumbaku ya kuombea radhi; alimtangulia, na walipita kwa mwanamke mmoja baada ya mwingine, ajuza yule wa shanga akiwa wa kwanza. Salamu ya ejok, tumbaku kidogo kiganjani, na Akiru kusimama kimya hadi aambiwe akae. Hakuuliza kitu. Aliwashikia mbuzi miguu wanunuzi walipokuwa wakiwapapasa, aliteka maji, alimshikilia mtoto wa mtu. Saa tano ajuza alimwita: haya, lete hayo maneno yako. Ndipo akazitoa karatasi. Walimjibu mmoja mmoja, kwa utani na kwa kirefu, bei, usafiri, ukame, madalali. Swali la saba hakulitamka. Wa arobaini alikuwa mama yake mwenyewe, aliyejibu kwa adabu zote kana kwamba hawajuani. Walipofika la saba alisema tu, "Ruka."

Kwa hiyo Ijumaa saa nne Akiru aliingia dukani kwangu na vumbi lake, karatasi arobaini zimejaa, na kwenye kila karatasi kuna kisanduku kimoja kitupu.

Alipiga chapa bila kuinuka. Nilimwekea chai ikapoa. Saa nane kazi yote ilikuwa imekamilika isipokuwa jedwali la idadi ya mifugo, na hapo vidole vyake vikasimama.

"Jaza," nikamwambia.

"Nijaze nini?"

"Namba! Nani ataenda Kakuma kuhesabu? Nangiro alichapa yake hapa Jumatano. Wauzaji arobaini, na viatu vyake havikuwa na vumbi. Darasa zima lenu nimelichapia. Nimechapa mbuzi wengi ambao hawajawahi kuzaliwa, na wote wamepita."

Nilikuwa nimekasirika, na sikasirikii mtu nisiyempenda. Nilichukua kiti nikaketi karibu naye. "Shika kalamu. Andika kumi na nane. Huyu andika thelathini na mbili. Huyu kumi na mmoja, anaonekana maskini." Na yeye, kwa uchovu tu, akaandika. Kisanduku baada ya kisanduku, mimi nikitaja, yeye akijaza, na nilijiona mama mwema kweli kweli. Tulifika wa thelathini na tisa. Kisha kalamu ikakwama juu ya karatasi ya mwisho.

"Ishirini," nikasema.

Akiru akaiweka kalamu chini.

"Akiru, ishirini! Saa inaenda!"

"Hii ni ya mama."

"Mama yako hatawahi kuisoma!"

"Hata hawa wengine ni mama za watu," akasema. Aligeuka akanitazama na yale macho mekundu. "Mama Morgan, wewe uko na watoto wangapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Juu ya mashine yangu kuna picha ya watoto wangu, na anaijua. Wako watatu pale. Kila mara mteja anaponiuliza husema wawili, maneno yanapita, mtu analipa anaenda, nami hubaki nikihisi kwamba nimemzika Wangari upya. Alikuwa na miaka minne. Kwetu pia, mama yangu hakuhesabu watoto. Mgeni akimuuliza alijibu "wapo", na sisi tuliosoma tulimcheka. Nilitaka kusema wawili. Nilitaka kusema watatu. Nilishindwa vyote viwili, nikabaki nimeshika mashine ya kubana karatasi kama mjinga.

"Pole," akasema Akiru.

"Futa," nikamwambia. "Futa zote."

Alipitisha wino mweupe kwenye visanduku thelathini na tisa. Jedwali akaliacha tupu, na chini yake akaandika kwa Kiingereza cha chuo maneno ambayo nimeyashika kwa moyo: Swali la saba halikujibiwa. Kwa Waturkana, mtu hahesabu mifugo wake mbele ya watu. Kosa ni la aliyeuliza, si la walionyamaza.

Nilifunga kurasa zile kwa pete za plastiki mwenyewe. Saa kumi kasoro dakika saba alivuka barabara. Kutoka dukani nilimwona Mwalimu Cornelius mlangoni mwa ofisi yake akifungua kurasa, akafika kwenye jedwali, akasoma. Aliingia nayo ndani. Akiru alirudi, akaketi kwenye benchi langu, na kabla sijamuuliza alikuwa amelala mdomo wazi. Nilifunga duka nikiwa nimechelewa, kwa kuwa sikuthubutu kumwamsha.

Jumamosi asubuhi mwalimu alikuja mwenyewe. Alikuwa ametahini kwanza wale wanaorudia, na alitaka nakala za orodha ya kubandikwa Jumatatu. Niliiweka kwenye kioo cha mashine huku nikilitafuta jina lake. Arobaini ndiyo alama ya kupita. Akiru alikuwa na arobaini na nne.

"Nimemkata kumi na tano kwa lile jedwali," akasema, kwa sababu aliniona nikitafuta. "Nimemwandikia pale: ungeniambia Jumatatu. Ningeliondoa swali."

"Aliogopa, mwalimu."

"Najua." Alitazama mashine ikitoa karatasi. "Sasa, Mama Morgan, wale wengine idadi zao walizipata wapi?"

Nilikuwa nimempa mgongo, na nilishukuru. "Mimi huchapa tu, mwalimu."

Hakuniuliza tena. Alizikusanya nakala zake, akalipa, akaondoka.

Nilifunga duka mchana kweupe, jambo nisilofanya, nikatembea hadi gesti. Akiru alikuwa uani, mbele ya beseni, akifidia siku alizokosa. Mashuka yalikuwa yamejaa kamba mbili na mengine mengi yakingoja. Alikuwa amevaa viatu vya jozi moja, angalau.

"Umepita," nikamwambia.

Alisimama na shuka mikononi, maji yakimwagikia miguu. "Nimepata ngapi?"

"Umepita."

"Mama Morgan, ngapi?"

"Nimesema umepita. Wewe si ndiye hutaki watu wahesabu?"

Alicheka, cheko la kwanza nililolisikia wiki nzima. Halafu akaketi ukingoni mwa beseni akalia, kwa uchovu tu, kama mtu anavyotua mzigo aliozoea. Nilimwacha alie. Alipomaliza alinipa ncha moja ya shuka, tukaanza kulikamua, yeye upande wake, mimi wangu.

"Jana uliniuliza kitu," nikasema.

"Wacha, Mama Morgan. Nilikuwa nimechoka."

"Ni Morgan, na Ashley, na Wangari."

Akiru aliitikia kwa kichwa, akalikaza shuka, nasi tukalitundika kwenye kamba.