Kila Kikohozi ni Salfa

Msimu wa kupulizia mikorosho, kijiji chetu kizima, huku njia ya kwenda Kilambo, hukohoa. Unga wa salfa unatanda shambani asubuhi, unaingia ndani, unakaa mpaka kwenye mboga. Kwa hiyo binti wa dada yangu, wa mwaka mmoja na nusu, alipoanza kukohoa na kuchemka mwili, hakuna aliyeshtuka. Mimi, mwenye digrii na mdomo wa kubishia kila kitu, ndiye niliyetangulia kusema, "Ni salfa hiyo."

Zahanati tabibu alimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria.

"Daktari, na anapumua mbiombio," dada akasema.

"Mama, mnapulizia?"

"Tunapulizia."

"Basi. Mpe hii dawa ya mseto ya malaria, mwondoe kwenye vumbi."

Hakumfungua hata kifungo. Watu wazima watatu tulikwisha kukubaliana kuhusu kifua ambacho hakuna aliyekitazama.

Kesho yake asubuhi alikataa ziwa, akalegea, akakodoa macho. Bodaboda ikatufikisha hospitali mjini. Muuguzi alimvua gauni kabla hajatuuliza jina, akakazia macho saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima. Kila mtoto alipovuta hewa, nyama za chini ya mbavu zilibonyea ndani.

Dada akamwambia zahanati wamekuta malaria.

"Nani kawaambia ni malaria tu?"

"Kipimo," nikajibu.

"Kipimo kiliulizwa malaria, kikajibu malaria. Nimonia mlimuuliza nani, msomi?"

Mtoto alikuwa na vyote viwili, na sukari imeshuka. Akachomwa sindano za malaria na za nimonia, akawekewa dripu ya glukosi na oksijeni. Siku ya nne alinyonya, akang'ata. "Huyu karudi," dada akasema.

Tuliporudi kijijini nilipeleka karatasi za hospitali zahanati. Tabibu akazisoma. "Tumshukuru Mungu," akasema, akazikunja. Mkononi alikuwa na saa, kubwa, inang'aa. Hasira ikanipanda: kuhesabu pumzi hakukuhitaji umeme, wala mashine, wala bajeti ya wilaya.

Kwenye benchi mama mwingine alipakata mtoto anayekohoa. Tabibu akachukua kipimo.

"Huyu naye ni salfa?" nikauliza.

"Dogo, subiri nje."

"Nitatoka. Ukishamvua shati."

Yule mama alinitazama, akamtazama tabibu, kisha akaanza kufungua vifungo mwenyewe. Tabibu akashusha pumzi, akageuza mkono wenye saa. Nilisimama mlangoni mpaka alipomaliza kuhesabu.