Mama mdogo alimcheka kapteni, sasa anamlilia

Admin, nisitiri tafadhali, maana ninayemsema anasoma ukurasa huu kila siku na anapenda sana kushauri wenzake kwenye komenti.

Mimi ni mama wa miaka 24, Mtanzania, naishi Wheaton, huku ughaibuni, kwenye beisimenti, chini ya nyumba ya mama yangu mdogo. Shule niliishia kidato cha pili, mnisamehe mwandiko. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi minne. Baba yake alikuwa Mbedui, mtu wa jangwani hasa, kapteni wa jeshi la kwao. Nchi siitaji. Aliletwa huku kwa kozi ya mwaka, mimi nikifanya usafi kwenye hoteli waliyopangiwa. Tukaoana msikitini, mashahidi wawili na pilau la kununua. Kozi ilipoisha akarudi kazini, akaniacha mjamzito na ahadi ya kuja kutuchukua. Mtoto alipofikisha miezi minne, baba yake akauawa mpakani kwenye mapigano, akiwatoa askari wake waliokwama.

Sasa mama mdogo. Siku nilipompeleka mume wangu kwake mara ya kwanza, alikuja na birika lake na kahawa ya hiliki, akaomba awamiminie mwenyewe, kwa heshima. Akamimina kidogo tu chini ya kikombe, kama desturi yao. Mama mdogo akakiinua mbele ya mashoga zake.

"Baba, hii ni ya kunywa au ya kupaka machoni?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mume wangu akaniuliza amesema nini. Nikamwambia, anasema inanukia vizuri. Akatabasamu, akamwongeza kidogo tena. Mama mdogo akasema, "Mwacheni, huko kwao wanagombania maji na ngamia."

Tukiwa njiani kurudi hotelini ndiyo akanieleza. Kwao kikombe kidogo maana yake kaa, nitakumiminia tena na tena. Anayejaziwa hadi juu ni yule asiyetakiwa: kunywa, uende zako.

Alipokufa, mama mdogo alishuka beisimenti na kapu lake la nguo chafu, akaanza kuzipakia kwenye mashine huku akinipa pole. "Mungu amekupunguzia. Ungeishia kukamua ngamia." Hata Yasini hakumsomea marehemu. Aliniuliza tu kama sabuni imebaki.

Juzijuzi shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akanitumia video ya mazishi. Jeneza limefunikwa bendera, wakubwa wa jeshi wamesimama wanapiga saluti. Mjinga mimi nikamwonyesha mama mdogo. Akasema nimrushie. Narudi kutoka shifti, nakuta ameshaiweka kila mahali: "Mkwe wangu, shujaa wangu." Watu wanampa pole yeye. Na anazipokea. Siku hizi anavaa miwani myeusi hata akikaanga samaki.

Jumamosi ameandaa hitma ya mwaka kwenye ukumbi. Shemeji anasafiri kuja kumwona mtoto, na ameomba jambo moja: waliomjua kaka yake wamzungumzie, amrekodie mama yao. Yule mama hasafiri. Anataka kusikia mwanawe alipokewaje ugenini. Mimi ndiye nitakayetafsiri, kwa Kiarabu changu kidogo alichonifundisha marehemu.

Msemaji wa kwanza ni mama mdogo. Namsikia juu ya dari akifanya mazoezi. "Nilimpokea kama mwanangu wa kumzaa." Anasimama, anarudia, anatafuta pa kulia. Akishapata kilio anakohoa, anaanza upya. Binti yangu anaelekeza kidole juu anacheka, na mimi nacheka naye.

Nilipanda nikamwambia, "Mama, usiseme hivyo. Mama yake atasikia."

"We mtoto, ulikuja hapa na begi moja, leo unanifundisha kuongea? Maiti hasikii, na huyo mama yake Kiswahili hajui. Wewe tafsiri tu."

Sijawahi kumdharau mtu hivi. Na aliyenilea mimi nisiye na mama ni huyu huyu, ndiyo inauma. Lakini nimeshamtafsiria uongo mume wangu mara moja, akafa anaamini kahawa yake ilipendwa. Niutafsiri tena kwa mama yake?

Halafu ameniagiza nimimine kahawa mimi, kwa birika la marehemu, ipendeze kwenye picha. Akaongeza: "Na safari hii ujaze, tusiaibike."

Shemeji atakaa kando yake. Nikimjazia mama mdogo peke yake, shemeji ataelewa kabla sijafungua mdomo. Ataniuliza, na mimi nitamweleza yote, tangu ile siku ya kwanza. Hapo najua beisimenti sina tena. Kuna dada wa Sterling ameniahidi chumba, ila kitapatikana mwezi ujao, na kozi yangu ya kuhudumia wagonjwa nayo ndiyo itakuwa inaanza. Naamini nitasimama. Binti yangu ana macho ya baba yake, akiniangalia naona aibu kuogopa.

Ndugu zangu, mniambie kabla ya Jumamosi. Mama mdogo nimmiminie kidogo kama mgeni, au nimjazie kama alivyoagiza mwenyewe?