Risasi Kutoka Ng'ambo

Watu wetu wakisikia kwamba niliwahi kushindana kulenga shabaha kwa bunduki, swali la kwanza huwa moja: ulimlenga nani? Nikisema karatasi, wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mtu katolewa Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, kalelewa kambini Tanzania, kaletwa Amerika kwa ndege, halafu pesa yake ya kwanza ya maana anaenda kununulia bunduki! Wana haki ya kunicheka. Mimi sicheki nao, kwa sababu najua ilivyoisha.

Tuliishi Louisville, upande wa South End, mama na mimi, katika nyumba ya kupanga karibu na kituo cha basi. Nilipakia maboksi ghalani. Aliyeniingiza katika mambo haya alikuwa mzee mmoja Mzungu, dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, mtu wa maneno machache aliyekula mkate wake peke yake. Siku moja mlango wa trela ulijibamiza nyuma yangu, nami nikajikuta nimelala sakafuni, mikono kichwani. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Wakati wa mapumziko alikuja kukaa karibu nami, akaniambia kwamba yeye pia alirudi kutoka vitani na ugonjwa huo, na kitu kilichomtuliza ni bunduki. Nikasema moyoni, huyu naye kachanganyikiwa.

Jumamosi ile alinichukua kwa pikapu yake hadi uwanja wa shabaha nje ya mji. Akanilaza kifudifudi kwenye nyasi, akaniziba masikio, akanifundisha kupumua. Vuta pumzi, itoe nusu, ngoja, kisha fyatua taratibu kana kwamba hutaki. Sidanganyi, nilipenda. Kwa mara ya kwanza mlio wa bunduki ulitoka pale nilipotaka mimi, wakati nilipotaka mimi, na hakuna aliyepiga kelele baada yake. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi wa mtoto.

Mchezo wenyewe ni wa matajiri. Wenzangu walikuwa na majaketi ya ngozi yaliyoshonwa kwa vipimo vyao, mikeka maalumu, na darubini ambazo bei yake inapita bei ya bunduki. Mimi nilinunua bunduki kuukuu katika duka la vitu vya rehani, isiyo na darubini, yenye kitundu kidogo nyuma na kijipete mbele, unalinganisha kwa jicho lako tu. Mkeka wangu ulikuwa kipande cha zulia nilichookota jalalani. Glavu zilikuwa za kazini. Maganda ya risasi tuliyaokota na kuyajaza upya kwenye karakana ya mzee, maana za dukani zingenifilisi. Jaketi langu lilikuwa koti la baridi tulilopewa kanisani tulipofika. Lilipotoboka viwiko kwa kulala chini, mama alilitia viraka vya kitenge bila kuniuliza. Alidhani ni maboksi.

Nilikuwa nimemwambia kwamba ninakwenda mashambani na rafiki wa kazini. Alifurahi kwamba hatimaye nimepata rafiki.

Lazima niseme kuhusu baba. Simkumbuki. Walikuwa wakikimbilia mpakani, wanapanda kilima, mama kanibeba, baba yuko mbele na godoro kichwani. Baba alianguka kwanza, ndipo wakasikia mlio, kutoka kilima cha ng'ambo ya bonde. Mama alisimulia jambo hili kwa namna ileile kila mara, na kila mara alimalizia kwa kusema ilikuwa risasi iliyopotea. Kutoka ng'ambo ile, alisema, mtu hawezi hata kujua kama anachokiona ni binadamu au mgomba. Jioni, tukimaliza kula, alisali sala yake ndefu, na kabla ya amina alimtaja yule mtu: "Na yule wa ng'ambo, Bwana, umsamehe, hakujua." Nilikua nikiisikia sala hiyo kambini, nikaisikia tena Louisville, juu ya meza ya kuokota. Wanawake wa kanisani walimwuliza anawezaje. Aliwajibu kwamba si vigumu kumsamehe mtu aliyekosea kwa bahati mbaya.

Zipu ya mfuko wa bunduki ilikufa mwezi uleule niliponunua mfuko huo, na mwingine sikuwa na uwezo nao. Nikafanya kama tufanyavyo sisi kwa kila kitu cha thamani, kuanzia sahani za harusi hadi mtoto mchanga. Nikaifunga kwa kitenge. Jumamosi moja mchana nikaingia nayo kwapani, na mama alikuwa mezani anachambua maharage. Akatazama kitenge. Akatazama urefu wake, na jinsi kisivyopinda. Mikono yake ikasimama.

"Zilipita hivyo hivyo sokoni kwetu," alisema. "Zimefungwa vitenge, zimelazwa kwenye baiskeli. Tulidhani ni majembe."

"Mama, hii ni ya mchezo. Tunapiga karatasi."

"Mwanangu, mimi na hiyo hatulali chini ya paa moja."

Jioni ileile niliipeleka kwa mzee. Haikusaidia. Kila nilipoingia ndani mama alinitazama mikono kwanza, ndipo anitazame uso. Wiki haikuisha akapanda basi kwenda Buffalo kwa dada yangu, aliyekuwa na nyumba Cheektowaga, pembeni mwa mji huo, na kazi kiwandani huko Tonawanda. Nilimsindikiza kituoni. Hakunilaumu, na heri angenilaumu.

Nyumba ilinishinda. Nilipika ugali nikautupa. Nilimpigia simu kila siku, akanijibu kwa upole kama anavyojibu watu wa benki. Utasema, si ungeiuza tu? Dada alisema hivyo pia, kwa ukali. Lakini nilikuwa na kiburi cha kijana, na nilikuwa nimepona kidogo, na sikuona kwa nini nirudi kulala sakafuni kila mlango ukibamizwa. Nikajishawishi kwamba tatizo ni kuwa mama hajaona. Akiona ni karatasi tu, ataelewa, na atarudi nami nyumbani.

Basi mzee aliposema kuna mashindano karibu na Columbus, ya yadi mia sita, niliona njia imejiweka yenyewe. Columbus iko katikati ya safari. Ningeshindana, nichukue karatasi yangu, nipande basi hadi Buffalo, nimwekee mama mapajani.

Katika mashindano hayo nusu ya watu wanapiga na nusu wanakaa handakini chini ya shabaha, wanaziteremsha, wanaziba matundu kwa vibandiko, wanazipandisha tena. Zamu haina mkubwa wala mdogo. Hakuna aliyenieleza handakini kunasikikaje. Kwanza juu ya kichwa panapasuka mlio mkali, karibu kabisa, kisha ndipo unakuja mlio wa bunduki yenyewe, mzito, wa mbali. Kwanza huu, halafu ule. Nilijua mpangilio huo tangu utotoni, kutoka kinywani mwa mama: baba kwanza, mlio baadaye. Nikakaa nimeegemea zege, machozi yananitoka, nashusha shabaha, nabandika, napandisha. Jirani yangu alidhani ni vumbi, akanipa maji.

Zamu yangu ya kupiga ilipofika upepo ulikuwa umetulia. Shabaha ilionekana kama doa jeusi, dogo kuliko kichwa cha pini. Nilivuta pumzi, nikaitoa nusu. Sikushinda kitu, wenye darubini walikuwa mbele yangu kwa mbali. Ila duru ya mwisho risasi zangu zote ziliingia ndani ya lile jeusi, na mzee, ambaye hajawahi kunisifu, alinishika bega. Alikata kipande cha katikati cha karatasi ile, matundu ya duru hiyo yakiwa hayajazibwa, akanikunjia. Bunduki alirudi nayo Louisville kwenye pikapu yake, mimi nikapanda basi.

Nilimkuta mama sebuleni kwa dada, kajifunika blanketi, ndege zinapita juu ya paa. Dada alituletea chai akarudi jikoni. Nilikunjua karatasi juu ya mapaja ya mama kama mtoto anayeleta matokeo ya shule.

"Ndiyo hii tu, mama. Karatasi."

Aliipapasa. Akaweka kidole kwenye tundu moja, kisha jingine.

"Ulisimama mbali kiasi gani?"

Nikamwonyesha dirishani. "Kama kutoka hapa hadi ule mnara wa maji."

Alitazama mnara kwa muda mrefu. "Kwa darubini?"

"Darubini ni ghali, mama, sina. Kwa jicho tu." Nilisema kwa majivuno, Mungu anajua.

"Na hizi zote ni zako? Hakuna iliyopotea?"

"Hakuna hata moja."

Akaikunja karatasi mara mbili, polepole, kufuata mikunjo ya mzee.

"Basi alituona," alisema.

 Nikaanza kusema maneno mengi: upepo wa kule, mlima, bunduki zao mbovu, vijana wasiofundishwa, huwezi kulinganisha, mama, huwezi. Aliniacha niseme yote hadi yakaniishia.

"Nilikuwa nimekubeba kwa kitenge cha njano," alisema. "Cha njano kabisa. Alituona."

Nikamwambia nitaiuza bunduki, na kweli niliiuza juma lililofuata. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa kesho kutanyesha. Hakurudi Louisville. Hakunikasirikia hata mara moja, alinipakulia chakula jioni ile, akaniongezea mchuzi, akauliza kama kazini wananipa mapumziko.

Tulipomaliza kula alisali. Aliwaombea watoto wa dada, akaniombea mimi na safari yangu, akawaombea waliobaki kambini. Akafika pale. Mimi na dada tulikuwa tumeinamisha vichwa, tukingoja maneno tunayoyajua tangu tupate akili. Mama alinyamaza. Nilisikia friji ikinguruma jikoni. Kisha akasema amina, akaanza kukusanya sahani.